Asili ya wagonjwa

Daktari anayetoka wodini kwenda kusomea epidemiolojia, tuseme katika Shule ya Kanda ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, amezoea kuhesabu wagonjwa. Sasa anaulizwa jambo jingine: wametoka miongoni mwa watu wangapi? Idadi hiyo, kwa Kifaransa anachosomea, huitwa dénominateur, yaani kinachoipa sehemu jina.

Kiswahili cha hisabati kinayo istilahi yake, na mimi naiona bora. Katika 3/4, 3 ni kiasi na 4 ni asili. Hata asilimia ni neno lilelile: sehemu ambayo asili yake ni mia. Wagonjwa ni kiasi. Umma uliowatoa ndio asili yao. Tahadhari moja tu: tusiseme “watu wa asili”, maana huku Kongo maneno hayo yana wenyewe, yaani jamii za wenyeji wa kwanza. “Asili ya hesabu” inatosha.

Uzito wa neno hili Kivu inaujua. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu la Kivu, na kipindupindu kikawaangukia. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000. Lakini makadirio ya waliovuka mpaka yalikuwa kati ya 500,000 na 800,000. Ukishika asili ndogo, alikufa mmoja katika kila 10. Ukishika kubwa, mmoja katika kila 16. Makaburi ni yaleyale.

Sasa njoo Cimpunda, komini ya Kadutu, mjini Bukavu, ambako nyumba zimebanana mlimani hadi ukuta wa mmoja ni ukuta wa jirani. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Tangu hapo vita vimewaleta mjini watu wengi wa vijijini, na ofisi za afya huongeza asilimia fulani kila mwaka juu ya makadirio ya zamani. Ndiyo maana ripoti ya chanjo inaweza kuvuka asilimia 100, na bado surua ikapata watoto wa kushika: waliochanjwa ni wa kweli, asili ndiyo pungufu.

Kwa hiyo mtafiti mwenye bidii hupanda ngazi za udongo pamoja na wahudumu wa jamii, wale reko, akibisha mlango kwa mlango: “Mama, humu mlilala wangapi usiku wa jana?”