Habari za Kutotolesha Mayai, na Siku ya Mwisho ya Kifaranga

Kuku tumezoea kumwona mlangoni hata tukadhani ya kwamba ni ndege wa asili ya nchi yetu. Sivyo. Wataalamu wasema alifugwa kwanza katika nchi za kusini-mashariki ya Asia. Mifupa yake imefukuliwa katika magofu ya miji ya kale ya pwani yetu, kama Unguja Ukuu, na Shanga huko Kenya, miji iliyokuwako kabla ya mwaka 1000. Toka huko na kwa njia nyinginezo akaenea bara, hata akafika nyanda hizi za juu za Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huganda mashambani. Ndiyo sababu wazee wetu walimweka kuku jikoni, karibu na moto, nasi tusicheke desturi hiyo, maana ilikuwa na akili.

Kuku mwenyewe huatamia mayai yake siku 21. Huyapa joto la kifua chake, huyageuza mara nyingi usiku na mchana, tena huondoka kidogo tu kwenda kula na kunywa. Lakini kuku mmoja hawezi kufunika mayai mengi, na wakati anapoatamia hatagi. Basi tangu zamani watu walitafuta njia ya kuifanya kazi yake pasipo yeye.

Wa kwanza kusifiwa kwa kazi hiyo ni Wamisri. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo ya kwamba huko Misri mayai yaliwekwa katika samadi yakaanguliwa kwa joto lake. Baadaye Wamisri wakajenga matanuri ya matofali ya udongo, yenye vyumba vya chini na vya juu. Mayai yaliwekwa chini kwa maelfu, na juu uliwashwa moto mdogo wa samadi kavu na mabua. Waangalizi hawakuwa na kipimo cha joto. Mtu alichukua yai akaligusisha na ukope wa jicho lake, akajua mara moja kama moto uongezwe au upunguzwe. Kazi hii baba alimfundisha mwanawe, na hata mwanzoni mwa karne hii ya 21 matanuri ya namna hiyo yalikuwako yakifanya kazi.

Wazungu walipopata habari hizo walitaka kuiga. Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyekufa London mwaka 1633, alitengeneza tanuri iliyojiongoza yenyewe: joto likizidi, zebaki husukumwa, na hewa iendayo motoni hupungua. Mfaransa Réaumur naye alijaribu kwa mapipa yaliyofukiwa katika samadi ya farasi, akaandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1749. Mwaka 1879 Lyman Byce wa Petaluma, katika California, Marekani, alitengeneza mashine iliyoweza kushika joto lake vema, na mji ule ukawa mashuhuri kwa kuku.

Kwetu mashine hizi zimeenea kwa kadiri umeme ulivyoenea. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme toka Makambako kupita Njombe hadi Songea ilianza kutumika, na leo si ajabu kumkuta mtu wa kawaida ana kisanduku cha kutotoleshea mayai chumbani mwake. Makambako hasa ni njia panda, kwa kuwa barabara ya Songea hukutana hapo na ile ya Iringa na Mbeya, na reli ya TAZARA hupita hapo tangu miaka ya 1970. Mayai yaja toka pande zote. (Yai lililosafiri garini lapaswa kupumzishwa siku moja, upande wake mnene ukiwa juu, kabla ya kutiwa mashineni. Wengi hawalifanyi.)

Sasa nataka kusema juu ya jambo linalowatia watu hasara. Mtu amekaa siku 20 akilinda mashine, joto ni nyuzi 37 na nusu, mayai yamegeuzwa kila siku mpaka siku ya 18, kisha yakaachwa yatulie. Mara asikia mlio ndani ya ganda, na tundu dogo laonekana. Saa sita zapita, kifaranga hatoki. Mtu huingiwa na huruma, afungua mashine, ambandua ganda, na damu yatoka. Jioni kifaranga amekufa, na kesho yake wenziwe watano wamefia ndani ya mayai yao.

Sababu ni hii. Kifaranga hutoboa kwanza utando ulio kwenye nafasi ya hewa, katika upande mnene wa yai, ndipo aanzapo kuvuta pumzi kwa mapafu. Baadaye hutoboa ganda kwa kipembe kidogo kigumu kilicho juu ya mdomo wake, kisha hutulia. Watu hudhani amechoka, kumbe yumo kazini. Damu iliyomo katika mishipa ya utando yarudi mwilini mwake, na kiini cha yai chaingia tumboni. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Amtoaye kabla ya hapo amkata mishipa iliyo hai.

Na wale wenziwe? Hao wameuawa na mlango. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Makambako ni zaidi ya mita 1,600. Hewa yetu ni nyepesi, hukausha yai upesi, na hewa ya baridi ikiisha kupashwa moto huwa kavu sana. Kwa hiyo siku tatu za mwisho unyevu wapaswa kufika asilimia 65 au 70, na vyombo vya maji visikauke. Kila ufunguapo, mvuke watoka, na utando wawakauka vifaranga kama gundi.

Je, tusisaidie kamwe? Mimi sisemi hivyo. Zikipita saa 24 tangu tundu la kwanza, na utando umegeuka rangi ya manjano na kukauka, waweza kuulowanisha kwa tone la maji ya uvuguvugu, na kuondoa vipande vidogo vya ganda upande ule mnene tu. Ukiona mshipa mwekundu au tone la damu, acha papo hapo, rudisha yai, ngoja saa kadhaa. Kichwa kikiwa huru, usimvute. Mwache ajisukume mwenyewe. Akiisha kutoka, akae mashineni mpaka manyoya yakauke, wala usihangaike kwa chakula, maana kile kiini kilichomo tumboni chamtosha siku mbili. Kwa ajili hiyo posta ya Marekani ilikubali tangu mwaka 1918 kuchukua vifaranga wa siku moja katika masanduku, wakafika salama bila kula njiani.