Somo la Biashara na Kivuli cha Karani

Taria Topan hakuhitaji cheti cha biashara. Katika Zanzibar ya karne ya 19 tajiri huyo wa Kihindi ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, mzigo wa kupeleka bara, kisha akasubiri miaka mpaka pembe za ndovu zishuke pwani. Hesabu ziliandikwa daftarini, na kijana alijifunza kuzisoma kwa kukaa dukani na baba au mjomba wake.

Shule ilileta mtu mwingine kabisa: karani. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, walitafuta wakalimani, maakida na watu wa kuandika ofisini. Waingereza wakaifuata njia hiyohiyo, na sheria ikawasaidia. Kwa amri ya mwaka 1923, deni la Mwafrika wa Tanganyika halikudaiwa mahakamani bila kibali cha serikali. Mwenye duka la jumla angempaje mali kauli? Mwafrika aliyejua hesabu akabaki kuandika vitabu vya wengine. Waliopenya ni wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao chama chao cha ushirika, KNCU, kilichoundwa 1933, kiliwapa vijana kazi ya kupima, kuandika na kulipa.

Uhuru ulipokuja, wahasibu walikuwa wachache mno. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, na mashirika ya umma yakaanza kuota kila mkoa. Yote yalihitaji watunza vitabu. Ndipo katika miaka ya 1970 sekondari zikagawanywa kwa michepuo: kilimo, ufundi, sayansi kimu na biashara.

Hapa ndipo historia yetu inapochekesha, ingawa waliokuwapo hawakucheka. Mwaka 1976, wakati wanafunzi wa mchepuo wa biashara wakikariri kazi za muuzaji wa jumla na wa rejareja, Operesheni Maduka ilikuwa ikifunga maduka ya watu binafsi vijijini, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka huohuo. Mwaka 1983 ikafuata vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni na sukari zikafukuliwa mashambani, zilikofichwa na wenye nazo. Mtoto aliyefundishwa asubuhi umuhimu wa ghala katika biashara aliweza kukuta jioni mjomba wake amekamatwa kwa kuwa nalo. Mtihani haukuona mgongano wowote, kwa sababu ulimpima karani wa shirika. Urari wake ukilingana, amefaulu.

Milango ya soko ikafunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Mashirika yakauzwa au yakafa, ajira zikapungua, lakini somo likaendelea kana kwamba karani bado anasubiriwa. Kenya nayo ilichelewa: chini ya mfumo wa 8-4-4 biashara na uhasibu yalikuwa masomo mbalimbali, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipounganishwa, na ujasiriamali ukapewa nafasi.

Sasa mtaala wa Tanzania wa mwaka 2023 umeifanya Elimu ya Biashara kuwa ya lazima kwa wanafunzi wa sekondari wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Ni hatua kubwa, na naiunga mkono. Ila ulazima peke yake hauvunji mazoea ya miaka mia. Darasa lenye mtoto wa mama lishe, wa mwenye genge na wa wakala wa pesa za simu lina mifano hai zaidi kuliko kitabu chochote, na bado mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza sifa za muuzaji bora, ziorodheshwe na kukaririwa.

Baraza la Mitihani ndilo lenye ufunguo. Liweke alama za kutosha kwa kazi moja: kila mwanafunzi atunze hesabu za biashara halisi ya mtaani kwake kwa muhula mzima, aeleze faida ilikotoka na hasara ilikoingilia. Walimu watafundisha kinachotahiniwa, kama walivyofanya siku zote.