Hangar ya Elisabethville: Mwalimu Aliyekataa Kielelezo

Katika mjadala juu ya kukuza ubunifu wa mtoto shuleni, mara nyingi tunaelekeza macho Ulaya na kusahau jaribio lililofanyika katika mji wetu wenyewe. Mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Karakana hiyo ilijulikana kwa jina la Hangar. Wanafunzi wake hawakuwa watoto: Pilipili Mulongoy alizaliwa mwaka 1914, Mwenze Kibwanga mwaka 1925. Lakini swali lililojaribiwa pale humkabili kila mwalimu wa darasa la kwanza. Je, kumfundisha mtu kuchora ni kumwekea kielelezo akinakili, au ni kumwacha achore yale aliyoyahifadhi moyoni?

Romain-Desfossés alichagua njia ya pili. Aliwahimiza wanafunzi watazame mazingira yao na kukumbuka, wala hakuwawekea picha za Kizungu za kuiga. Matokeo yanasomeka katika kazi zenyewe. Pilipili alichora ndege, samaki na nyoka katika ulimwengu wa maji na majani; Mwenze alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopishana; Bela Sara, mzaliwa wa Chad, aliacha brashi akapaka rangi kwa ncha za vidole. Walifanya kazi katika karakana moja, lakini hakuna picha ya mmoja inayoweza kudhaniwa kuwa ya mwenzake. Kwa maoni yangu, ushahidi huo una uzito kuliko nadharia nyingi za ualimu.

Hata hivyo, tusimtukuze mno. Yeye aliyewaepusha na picha za Ulaya ndiye aliyeamua pia kipi kihesabiwe kuwa cha Kiafrika. Uhuru ule ulikuwa na mpaka, na mpaka huo hakuuweka mwanafunzi.

Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa mjini humo humo, na baada ya Romain-Desfossés kufariki mwaka 1954, karakana iliunganishwa nacho. Pilipili na Mwenze wakawa walimu. Hapo walikabiliwa na jambo ambalo Hangar haikuwa imelijaribu: ndege wa Pilipili sasa walikuwa picha ambayo mwanafunzi angeweza kuinakili.