Wa Sita Kufika, wa Kwanza Kuhitimu: Wesley Brown na Chuo cha Annapolis

Chuo cha Wanamaji cha Marekani kilianzishwa Annapolis, jimbo la Maryland, kando ya Mto Severn, mwaka 1845. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakikutoa ofisa mweusi hata mmoja. Si kwamba vijana weusi hawakufika. Walifika watano, kila mmoja kwa wakati wake, na wote watano waliondoka kabla ya kumaliza. Wa sita aliitwa Wesley Brown, na kwa kawaida habari zake huanzia siku aliyopokea cheti chake. Mimi naona ukianzia hapo humwelewi, kwa sababu waliomtangulia ndio wanaoonyesha alichokuwa anapambana nacho.

Wa kwanza alikuwa James Conyers wa South Carolina, aliyeingia mwaka 1872. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka saba tu nyuma, na majimbo ya Kusini yalikuwa yameanza kupeleka wabunge weusi Washington. Njia kuu ya kuingia chuoni, wakati ule na hata sasa, ni kupendekezwa na mbunge. Bila jina lako kutoka mkononi mwa mbunge, akili zako na afya yako kwa kawaida hazikufikishi popote. Walipopatikana wabunge weusi, yakapatikana na majina ya vijana weusi. Conyers alipigwa mateke katikati ya gwaride na akasusiwa na wenzake, hadi magazeti yakaandika. Baadhi ya waliomtesa walifukuzwa, lakini mateso hayakukoma. Mwaka 1873 akajiuzulu.

Alonzo McClennan, naye wa South Carolina, aliingia mwaka huohuo wa 1873 na hakukaa. Henry Baker wa Mississippi akafuata mwaka 1874, naye akatoka. Hawa wawili hutajwa kwa sentensi moja tu, kama watu walioshindwa, na hapo ndipo simulizi nyingi zinapowadhulumu. McClennan alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard, akahamia Charleston, na mwaka 1897 yeye na wenzake wakafungua hospitali na shule ya wauguzi kwa ajili ya watu weusi waliokuwa wakifungiwa milango kwingine. Baker aliajiriwa katika ofisi ya hataza mjini Washington. Akiwa huko alianza kuwaandikia mawakili wa hataza nchi nzima akiwauliza ni wavumbuzi gani weusi wamewahi kuwahudumia. Hati za hataza hazikuonyesha rangi ya mtu, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine ya kujua. Majibu aliyokusanya yalipelekwa kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, na mpaka leo anayeandika historia ya uvumbuzi wa Wamarekani weusi hana budi kumpitia Baker. Jeshi la Majini lilimpoteza mtu wa kumbukumbu wa aina hiyo kwa sababu halikutaka kukaa naye meza moja.

Baada ya Baker, lango lilifungwa kwa miaka ipatayo sitini. Wabunge weusi walitoweka Congress tangu 1901 hadi 1929, na mwaka 1919 Jeshi la Majini lenyewe likaacha kabisa kuandikisha watu weusi. Lilipowafungulia tena mwaka 1932, lilikuwa linataka wahudumu wa mesi: wapishi, wapakuzi wa chakula, wapiga pasi nguo za maofisa. Arthur Mitchell, mbunge mweusi wa Chicago, alijaribu mara mbili kupeleka kijana chuoni. James Johnson aliingia 1936 na hakumaliza mwaka wa kwanza. George Trivers aliingia 1937 na akakaa wiki chache tu.

Wesley Brown alizaliwa Baltimore tarehe 3 Aprili 1927, akakulia Washington. Alisoma shule ya sekondari ya Dunbar, shule ya weusi iliyokuwa na walimu wenye shahada za uzamivu, kwa kuwa vyuo vikuu vya wazungu havikuwaajiri. Shuleni alikuwa kiongozi wa kadeti. Baada ya masomo alifanya kazi ya ukarani katika makao makuu ya Jeshi la Majini, akipanga na kupeleka barua za maofisa ambao hakuna aliyefanana naye kati yao.

Washington wakati huo haikuwa na mbunge wake, hata asiye na kura. Januari 1945 aliapishwa Adam Clayton Powell, mchungaji wa Harlem, New York, aliyekuwa akitafuta vijana weusi wa kuwapeleka kwenye vyuo vya kijeshi. Jina la Brown likamfikia. Ndivyo mtoto wa Washington alivyoingia Annapolis mwaka huo kwa mapendekezo ya mbunge wa New York, akiwa na miaka 18.

Pale Annapolis zama za mateke zilikuwa zimepita, na mahali pake pameshikwa na kalamu. Mwanafunzi wa mwaka wa juu ana mamlaka ya kumwandikia wa mwaka wa kwanza alama za makosa: kiatu hakikung'aa, kifungo cha shaba kimefifia, kitanda hakikunyooshwa, hatua imepishana na ya wenzake. Kila kosa peke yake ni upuuzi. Yakijumlishwa na kupita kiwango, mtu anafungasha virago, na hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema huyu kafukuzwa kwa rangi yake. Brown aliandikiwa alama kwa rundo. Powell akamwandikia waziri wa Jeshi la Majini, James Forrestal, kulalamika kwamba kuna njama, jambo lililozidi kumuanika kijana ambaye alitamani watu wamsahau kidogo asome.

Alikaa chumbani peke yake. Wapo waliokataa kuketi karibu naye, wapo waliomtukana, na wapo wachache waliopita mlangoni kwake kumwambia avumilie. Mmoja wao alikuwa mkimbiaji mwenzake katika timu ya mbio za nyika, kijana mzungu wa Georgia aliyekuwa mwaka wa mwisho: Jimmy Carter, ambaye miaka thelathini baadaye akawa rais. Mwaka mmoja waliokuwa pamoja pale ulitosha Carter kumkumbuka maisha yake yote.

Tarehe 26 Julai 1948, Brown akiwa na mwaka mmoja mbele yake, Rais Truman alitia saini amri namba 9981 iliyotaka usawa katika majeshi bila kujali rangi. Jeshi la Majini lilikuwa limeshapata maofisa weusi tangu 1944, kuanzia na watu kumi na watatu waliopewa mafunzo ya haraka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini wale walikuwa wa akiba na wengi wao walirudi nyumbani vita vilipokwisha. Ofisa wa kudumu aliyepikwa Annapolis alikuwa jambo jingine. Akapatikana tarehe 3 Juni 1949. Wapiga picha walijaa. Katika wahitimu 790 Brown alishika nafasi ya 370, nafasi ninayoipenda kuliko kama angekuwa kinara. Kwa muda mrefu mtu mweusi alitakiwa awe wa ajabu ndipo akubaliwe kuwa anatosha, na huyu alipita katikati ya kundi kama mamia ya wazungu waliopita humo bila kuulizwa lolote.

Kazi yake ya miaka ishirini iliyofuata haina vita vya baharini wala nahodha aliyezama na meli. Alichagua uhandisi wa ujenzi, akaongezewa masomo katika taasisi ya Rensselaer huko Troy, New York, kisha akatumikia vikosi vya ujenzi vya wanamaji ambavyo Wamarekani huviita Seabees. Alijenga nyumba Hawaii, barabara Liberia na magati Ufilipino, na alishiriki katika mradi wa mtambo wa umeme wa nyuklia huko Antaktika. Kisha Guantanamo. Februari 1964 serikali ya Fidel Castro ilikata maji yaliyokuwa yakienda kwenye kambi ya Wamarekani, na kambi yenye maelfu ya watu ikabaki ikitegemea meli za maji. Dawa ilikuwa kuyageuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Mtambo uliokuwa California ulifunguliwa vipande, ukasafirishwa kwa meli na kuunganishwa upya Kuba, na Brown alikuwa miongoni mwa wahandisi waliofanikisha kazi hiyo. Kuna umaarufu wa kupigwa picha na kuna umaarufu wa bomba kutoa maji, na nadhani yeye aliupenda zaidi huo wa pili.

Alistaafu mwaka 1969 akiwa luteni kamanda, cheo cha kati tu. Aliyemfuata kwa kuhitimu, Lawrence Chambers wa mwaka 1952, naye zao la Dunbar, ndiye aliyefika kuwa admirali. Brown aliendelea na kazi za majengo ya vyuo, mwisho katika Howard hadi 1988. Mei 2008 Annapolis ilizindua ukumbi wa michezo wenye futi za mraba 140,000 na kuuita kwa jina lake, naye akiwepo kuuona. Mhandisi aliyejenga nusu ya dunia akapewa jengo ambalo hakulichora yeye.

Kwa maoni yangu, sehemu nzito ya uzee wake ilikuwa mahali pasipo na utepe wa kukata. Tangu 1971 Washington ina mjumbe wake Congress. Mjumbe huyo hana kura ya mwisho kwenye sheria, ila katika kupendekeza vijana wa vyuo vya kijeshi ana mgawo kamili kama mbunge yeyote. Eleanor Holmes Norton, aliyeingia katika kiti hicho mwaka 1991, aliunda kamati ya watu wa kujitolea ya kuwachuja waombaji, na Brown akawa mwenyekiti wake. Kazi yenyewe ni ya mezani na haina malipo: kusoma maombi, kuwahoji vijana, kupima ni nani atavumilia mwaka wa kwanza na nani anatumwa na ndoto za baba yake. Mwombaji wa Washington hakulazimika tena kutafuta mbunge wa Harlem. Lakini mgawo wa mjumbe ni vijana watano tu katika chuo kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo wengi wa walioingia kuhojiwa walitoka bila nafasi, wakiwemo wenye alama nzuri. Brown, aliyefariki tarehe 22 Mei 2012 akiwa na miaka 85, alikuwa na kazi ya kuwakatalia pia.