Fomu za TPAD Zinapanda Nairobi. Oldonyiro Kinarudi Nini?

Kila muhula, walimu wa shule za umma hapa Kenya hujipa maksi. Sio utani. Kuna mfumo unaitwa TPAD, wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Mwalimu anaingia kwenye tovuti, anajaza amefanya nini, anajipa alama, halafu depiti au mkuu wa idara anakaa naye wakubaliane kama hizo alama ni za ukweli. Mwalimu mkuu anathibitisha, na data inapanda juu. Mwalimu mkuu mwenyewe naye hajaachwa: ana mkataba wake wa utendakazi aliotia sahihi.

Ukileta hii stori mtandaoni, utapata kambi mbili. Ya kwanza inasema walimu wamezoea vya bure, wapimwe. Ya pili inasema TPAD ni mateso ya makaratasi tu. Mimi ni mtoto wa Oldonyiro, kule Isiolo, na naona kambi zote mbili zinaruka swali moja: fomu zikishafika juu, nini kinarudi chini? Hilo swali ni la zamani kuliko TSC yenyewe, kwa hivyo nivumilieni kidogo turudi nyuma.

Mwaka 1862, Uingereza ilianzisha sheria mpya ya kulipia shule, chini ya mwanasiasa Robert Lowe. Kwa kifupi: mkaguzi anakuja, anawapima watoto kusoma, kuandika na hesabu, na pesa za shule zinategemea wangapi wamepita. Mtoto akianguka somo, shule inakatwa. Lowe aliahidi kwamba elimu kama haitakuwa bora, angalau itakuwa rahisi kwa mfuko wa serikali. Kilichofuata ungekitabiri hata wewe. Walimu waliwakaririsha watoto kile tu mkaguzi angeuliza, na masomo mengine yakawekwa kando. Matthew Arnold, mshairi ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ukaguzi wa shule, alilalamika miaka mingi kwamba mfumo huo uligeuza kufundisha kuwa kazi ya mashine. Uliachwa miaka ya 1890, baada ya kizazi kizima kupita ndani yake.

Nchi hiyo hiyo ndiyo ilikuja kututawala, na ikaja na wakaguzi wake. Mwaka 1949, kamati iliyoongozwa na kasisi Leonard Beecher ilitoa ripoti kuhusu elimu ya Waafrika Kenya. Moja ya mambo iliyosisitiza ni usimamizi: wasimamizi zaidi, wengi wao Wazungu, na shule zichungwe kwa karibu. Wazazi wa Kikuyu waliokuwa wamejenga shule zao huru kwa michango yao waliisoma ripoti hiyo na kuona kamba, hawakuona msaada. Dharura ilipotangazwa 1952, shule nyingi za aina hiyo zilifungwa. Ukishapitia hapo, usishangae mwalimu Mkenya akisikia neno "ukaguzi" na kukunja uso. Kwa wazazi wake na babu zake, mtu wa kuangalia alifika kabla ya mtu wa kusaidia.

Walimu walipoungana na kuunda KNUT Desemba 1957, kilio chao kikubwa kilikuwa mwajiri mmoja. Wakati huo huyu aliajiriwa na misheni, yule na serikali ya mtaa, na masharti hayakufanana. Hicho kilio ndicho kilichozaa TSC mwaka 1967. Yaani TSC, ambayo leo walimu wengi wanaiona kama bosi mkali, ilikuwa ushindi wao. Kumbuka hilo.

Sasa njoo huku kwetu. Isiolo ilikuwa ndani ya Northern Frontier District, ambayo mkoloni aliifunga: kuingia na kutoka ilikuwa kwa kibali. Shule zilichelewa kuliko kwingine. Uhuru ulipokuja, serikali ikaandika Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, uliosema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa zaidi: penye mvua, barabara na watu walio tayari kupokea maendeleo. Sisi wa mifugo tungesubiri. Watu wa kaskazini huutaja huo waraka mpaka leo kwa sababu hawajamaliza kusubiri.

Kwa hivyo shule ya Oldonyiro na shule ya Nairobi hazikuanza mbio pamoja. TPAD ilipofika, ilizikuta kwenye mstari mmoja wa fomu.

Ilifikaje? Serikali ya Kibaki, kuanzia 2003, ilileta mikataba ya utendakazi kwa mashirika na wizara. Kwa walimu ilichelewa. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2012 ulionyesha jambo la aibu: walimu wengi wa shule za umma walikuwa shuleni lakini hawakuwa darasani. Kanuni za TSC za 2015 zikaweka tathmini kwenye sheria, na 2016 TPAD ikaanza nchi nzima, pamoja na mikataba ya walimu wakuu. KNUT, chini ya Wilson Sossion, iliipinga hadi ikaenda kortini. Januari 2020 TSC ikaleta toleo jipya, la mtandaoni, na viwango vya kupimia vikashuka kutoka saba hadi vitano.

Kuna kitu kimoja kwenye TPAD ambacho mfumo wa Lowe haukuwa nacho. Mwanafunzi alipewa kalamu. Kuna rejista ya vipindi ambayo katibu wa darasa hujaza: mwalimu ameingia, hajaingia, saa ngapi, kipindi kimefidiwa au la. Nilipokuwa kidato cha pili, huyo katibu nilikuwa mimi.

Wacha niwaambie rejista yangu ilisema nini. Hesabu ilikuwa na mistari mitupu wiki baada ya wiki. Mwalimu hakuwa amejificha stafurumu. Alikuwa amepata uhamisho karibu na kwao, na hakuna aliyekuja mahali pake. Baadaye tukapata kijana wa BOM, analipwa na pesa za wazazi, na miezi mingine halipwi kabisa. Huyo ndiye alitufundisha logarithimu hadi tukaelewa. Lakini kwa sababu hakuwa ameajiriwa na TSC, TPAD haikumjua. Aliyefanya kazi zaidi hakuwepo kwenye mfumo, na nafasi iliyokuwa wazi haikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Halafu kuna ukame. Kati ya 2020 na 2023, kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Ng'ombe wakihama, vijana wanahama nao. Ukiingia darasani ukakuta nusu ya madawati matupu, utampa nani alama mbaya? Mwalimu aliyekuwa pale mbele ya ubao, ama mwanafunzi aliyefuata chakula cha familia yake?

Najua mtu atasema, "Kwa hivyo unatetea walimu watoro?" La hasha. Mtoto wa mfugaji hana tuisheni ya Jumamosi wala YouTube ya bando isiyoisha. Mwalimu asipoingia darasani Oldonyiro, hakuna mwingine wa kuziba. Sisi ndio tunahitaji tathmini kuliko mtu yeyote Kenya. Ndiyo maana inaniuma ikifanywa nusu.

Na kufanywa nusu sio tatizo letu peke yetu. Marekani, wakfu wa Bill Gates na washirika wake walitumia zaidi ya dola milioni 500 kujenga mifumo ya kutathmini walimu katika wilaya kadhaa za shule. Mwaka 2018 shirika la utafiti la RAND likatoa matokeo: wanafunzi hawakufanya vizuri zaidi kwa kiwango kilichotarajiwa, na karibu walimu wote walipewa alama nzuri. Hela zote hizo, na fomu zikaishia kusema kila mtu yuko sawa. Ongea na mwalimu yeyote unayemwamini, muulize kama TPAD yake imewahi kumpa alama mbaya. Angalia atakavyocheka.

Alama zinafanana kwa sababu hakuna faida ya kusema ukweli. Depiti akiandika kwamba mwenzake ni dhaifu, anajiletea uadui kwenye stafurumu ya watu wanane, na msaada wa kumwinua huyo mwenzake hauji. Mwalimu mkuu akiandika kwamba anakosa walimu wanne, anaonekana yeye ndiye ameshindwa kutimiza mkataba. Ukijua hakuna kinachorudi, unajaza tu upite.

Mkataba ni wa pande mbili. Mzee akiuza ng'ombe soko la Oldonyiro, hawezi kupokea pesa halafu akaondoka na ng'ombe. Lakini mkataba wa mwalimu mkuu unamfunga yeye kuleta matokeo, na simwoni aliye juu yake akifungwa kuleta mwalimu wa hesabu. Mimi ningeongeza ukurasa mmoja tu: shule inahitaji nini, nani atakileta, lini. Tarehe ikipita, jina la ofisi iliyochelewa liandikwe, kama vile mimi nilivyoandika jina la mwalimu aliyechelewa. Na walimu wa BOM wahesabiwe, kwa sababu kuna shule ambazo bila wao hakuna masomo.

Kama wewe ni katibu wa darasa saa hii, usijaze hiyo rejista kwa mazoea. Andika mistari mitupu ilivyo. Mwisho wa muhula, muulize mwalimu wa darasa kwa heshima: hii ilienda wapi, na imebadilisha nini? Walimu wa 1957 walianza kwa kuuliza maswali yasiyopendwa. Walipata mwajiri mmoja. Sisi tunaomba jibu moja tu.

Kwenu mambo yako aje? Rejista ya darasa lenu iliwahi kuleta mwalimu, ama ilibaki kabatini? Niandikieni.