Mbolea ya Minjingu na hewa ya ukaa: hesabu ni ya nani?

MBOLEA ya fosfeti ya Minjingu huchimbwa karibu na Ziwa Manyara, Tanzania, katika machimbo yaliyofunguliwa mwaka 1983. Tangu miaka ya 1990 watafiti wameijaribu magharibi mwa Kenya, ambako, kama ilivyo katika sehemu za Migori na Homa Bay, udongo wenye asidi huishika fosforasi isiufikie mmea.

Mawe hayo yakisagwa huweza kutiwa shambani moja kwa moja, kwani asidi ya udongo huyayeyusha. Hivyo hayalazimiki kupitia kiwanda cha asidi. Hata hivyo, mitambo ya kuchimba na kusaga, pamoja na malori, hutoa hewa ya ukaa.

Katika mbolea kwa jumla, mzigo mkubwa zaidi umo katika nitrojeni. Viwanda vya amonia hutumia gesi asilia kwa wingi, na shambani sehemu ya nitrojeni hugeuka naitrasi oksaidi, ambayo kwa miaka 100 huipasha dunia joto mara 273 ya hewa ya ukaa yenye uzito sawa.

Chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, kila nchi huhesabu gesi zitokazo ndani ya mipaka yake. Za machimbo ni za Tanzania, iliyoahidi mwaka 2021 kuzipunguza kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Za mashamba ya Migori ni za Kenya, iliyoahidi asilimia 32 mwaka 2020.

Kwa hiyo kampuni yoyote ya mbolea inayotangaza hesabu ya machimbo pekee huwa imeacha nje shamba la mkulima, ambaye bila mbolea hupungukiwa chakula.