Kufundisha "Since" katika Nchi ya Chai: Hoja ya Kuanzia Ukanushi

Mwanafunzi wa Kericho au Bomet anayejua vyema kwamba "since" ni "tangu" bado huweza kuandika: "My mother is plucking tea here since 2015." Mwenzake ataandika "since three years". Kosa la pili husahihishwa kwa kanuni inayofahamika: "since" hufuatwa na mwanzo wa muda, "for" hufuatwa na urefu wake. La kwanza ni gumu zaidi, na kanuni hiyo hailigusi. Makala haya yanashikilia kwamba ugumu wa "since" umo katika kitenzi kinachoandamana nalo, na kwamba Kiswahili kinampa mwalimu njia ya karibu ya kuutatua.

Tuanze na lugha ya nyumbani. Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hupanga wakati uliopita kwa umbali. Viambishi awali ka-, ko- na ki- hutenga lililotokea leo, la jana au siku za karibuni, na la zamani. Taaitta Toweett, mwanaisimu aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alikichunguza Kikalenjin katika kitabu chake cha mwaka 1979, na utajiri huu wa kitenzi ni hazina ambayo mtoto huja nayo darasani. Lakini "since" haliulizi umbali. Iwe mama ameanza kuchuma asubuhi hii au mwaka 2015, Kiingereza hutumia umbo lile lile, "has been plucking", mradi kazi inaendelea. Mtoto aliyezoea kupima umbali sasa anatakiwa kuuliza swali jingine: je, jambo hili limekoma au bado lipo?

Kiswahili nacho kina mtego wake. Twasema "Mama anachuma chai hapa tangu 2015", au "Mama ana miaka kumi hapa". Sentensi zote mbili ni fasaha, na zote mbili zikihamishwa neno kwa neno huzaa Kiingereza kibovu. Katika ukanushi, hata hivyo, mambo hubadilika. Mkulima wa Konoin, huko Bomet, akisema mwezi Februari, "Mvua haijanyesha tangu Desemba", kiambishi -ja- kinaunganisha Desemba na sasa sawasawa na Kiingereza: "It has not rained since December." Hapo mwanafunzi hahitaji kujifunza wazo jipya. Wazo analo tayari.

Kwa hiyo ninapendekeza mpangilio wa kufundisha ugeuzwe. Vitabu vingi huanza na sentensi yakinishi, mahali ambapo Kiswahili na Kiingereza hutofautiana. Mwalimu aanze na -ja-: mvua haijanyesha, lori la majani halijafika, bonasi haijatoka. Umbo la "has not" likishatulia, aondoe ukanushi na kubakiza kitenzi kisaidizi. Kisha alinganishe sentensi mbili zenye mwaka mmoja, kuhusu KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo: "KTDA was formed in 1964" na "KTDA has worked with small-scale farmers since 1964". Kuundwa kulikwisha mwaka ule ule. Kufanya kazi na wakulima wadogo kunaendelea. Tofauti ya vitenzi inatokana na hilo, kwa kuwa tarehe ni ile ile.

Yupo atakayepinga kwamba shule zilizo ndani ya mashamba makubwa ya Kericho zina watoto wa Kipsigis, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii, na mwalimu hawezi kuzijua lugha zote hizo. Pingamizi hili lina uzito, lakini linaiunga mkono hoja yangu. Tangu Ripoti ya Gachathi kuhusu elimu ya 1976, sera ya Kenya imetaka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na palipo na mchanganyiko Kiswahili ndicho huchukua nafasi hiyo. Ukanushi wa -ja- basi ni mali ya darasa zima, katika kambi za wafanyakazi wa mashamba na vijijini.

Kinachokosekana ni mazoea ya kukitumia Kiswahili ndani ya somo la Kiingereza. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili inajinyima chombo cha kufundishia Kiingereza chenyewe. Vyuo vya ualimu viwafunze walimu kulinganisha vitenzi vya lugha za wanafunzi wao, na mitihani ya walimu ipime ujuzi huo kama inavyopima kanuni za sarufi ya Kiingereza.